Kipakatalishi Kisichopakatika

Mwalimu wangu wa Kiswahili katika shule ya upili alilipenda sana neno moja: kipakatalishi. Siku moja aliliandika ubaoni na kulikatakata kama nyama. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Tarakilishi ni kompyuta, tarakimu na akili zikiwa zimeoana. Zichanganye, alisema, utapata kompyuta ya kupakata. Darasa zima tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo, na ukitoka nje ya darasa kila mtu alisema laptopu.

Neno hilo limenirudia mwaka huu kwa sababu laptopu yangu haipakatiki. Kioo chake ni inchi 17.3, kona hadi kona. Niliipeleka kwa mama mboga wa plot yetu akaniwekea kwenye mizani: kilo tatu na nusu, bila chaja. Chaja yenyewe ni kama tofali. Ukiiweka mashine mapajani kwa nusu saa, miguu inakufa ganzi na mapaja yanaiva. Nimeishi nayo miaka sita, na baada ya wiki mbili inaondoka.

Kabla haijaondoka nataka kujua ilitoka wapi. Duka nililonunulia nalijua. Swali langu ni nani aliamua kwamba kompyuta ya kubeba iwe kubwa hivi, alikuwa anamfikiria nani, na ilikuwaje ikaishia kwenye keja yangu pale Zimmerman.

Hadithi inaanza na kadibodi. Mwaka wa 1972 Alan Kay, mtafiti katika kituo cha Xerox kule Palo Alto, California, aliandika kuhusu mashine aliyoiita Dynabook. Ingekuwa na ukubwa wa daftari, mtoto angeweza kuibeba, angesomea, angechorea, angetungia muziki. Haikuwahi kutengenezwa. Alichokuwa nacho mkononi ni mfano wa kadibodi tu. Lakini ona ni nani aliyekuwa kichwani mwake: mtoto anayeunda kitu chake.

Mashine zenyewe zilipokuja, huyo mtoto alisahaulika. Aprili 1981 Adam Osborne alitoa Osborne 1, kompyuta ya kubeba iliyouzwa dola 1,795. Kubeba ni neno la heshima hapo. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, ikafungwa kama sanduku la fundi cherehani, na haikuwa na betri. Ulikuwa unaibeba kutoka soketi moja hadi nyingine. Kioo chake kilikuwa inchi 5, kidogo kuliko simu uliyoshika sasa. Iliuzika sana, ila kufikia 1983 kampuni ilikuwa imefilisika.

Mwaka wa 1982 ikaja GRiD Compass, iliyobuniwa na Mwingereza Bill Moggridge. Hapo ndipo tulipopata umbo tunalolijua: kioo kinalalia kibodi, unafunua unafanya kazi, unafunika unaenda. Bei ilikuwa dola 8,150. Wateja wake walikuwa wakubwa wa makampuni, jeshi la Marekani, na NASA, ambao waliipandisha angani ndani ya vyombo vyao. Ni mashine ya ajabu, lakini msee wa kawaida hakuwa kwenye mpango.

Kwa miaka 20 iliyofuata, laptopu iliboreshwa kwa ajili ya mtu yuleyule anayesafiri. Mwaka wa 1991 Apple ilitoa PowerBook, ikasukuma kibodi nyuma karibu na kioo ili mbele ibaki nafasi ya kupumzisha viganja. Fungua laptopu yoyote leo, nafasi hiyo bado ipo. Mwaka wa 1992 IBM ikatoa ThinkPad 700C, nyeusi, yenye kioo cha rangi cha inchi 10.4, kwa zaidi ya dola 4,000. Watu walikishangaa kioo hicho. Inchi 10 na kitu! Lakini hakuna aliyelalamika kwamba ni kidogo, kwa sababu aliyekuwa na laptopu alikuwa na kompyuta nyingine kubwa ikimngoja mezani ofisini. Laptopu ilikuwa ya njiani.

Kilichobadilisha mambo ni kazi za ubunifu. Ukiandika barua, unahitaji dirisha moja. Ukihariri video unahitaji angalau matatu: faili zako upande mmoja, picha inayocheza upande mwingine, na chini yake ule mstari mrefu wa vipande ulivyokata, umelala kutoka kushoto hadi kulia. Kioo kikiwa kidogo, mstari unakuwa uzi, na unatumia siku nzima kuvuta madirisha huku na kule. Anayepanga kurasa za kitabu anataka kuona kurasa mbili zikiwa zimefunguliwa. Mwanamuziki ana safu 30 za sauti. Hata mimi ninayeandika tu, nusu ya kioo ni andiko langu na nusu nyingine ni mahojiano niliyonukuu. Dirisha la pili likiniponyoka, wazo nalo linaponyoka.

Zamani kazi hizo zilifanywa kwenye mitambo ya studio. Kisha mwaka wa 1999 Apple ilitoa Final Cut Pro, na ghafla mtu aliweza kuhariri filamu kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Walter Murch, mmoja wa wahariri wanaoheshimika zaidi Hollywood, aliitumia kuhariri Cold Mountain, filamu iliyotoka 2003. Studio ilikuwa imeanza kuingia ndani ya kompyuta.

Januari mwaka huohuo wa 2003, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akaonyesha PowerBook G4 ya inchi 17. Ilikuwa na unene wa inchi moja, uzito wa kilo 3 na kidogo, na bei ya dola 3,299. Tangazo lake la runinga liliwaweka watu wawili ndani ya ndege: Yao Ming, mchezaji wa mpira wa vikapu mwenye urefu wa kutisha, akiwa na laptopu ndogo ya inchi 12, na mwigizaji Verne Troyer, mmoja wa watu wafupi zaidi katika filamu, akifungua ile ya inchi 17. Tangazo linachekesha hata leo. Nililiangalia tena juzi nikagundua kitu nilichokuwa nimekipita. Bado tuko ndani ya ndege. Hata mashine kubwa kuliko zote, waliofikiriwa ni watu wa kusafiri, watu wenye meza nyumbani na studio kazini.

Baada ya hapo makampuni yakashikwa na wazimu wa ukubwa. Mwaka wa 2006 Dell walitoa XPS M2010, kioo cha inchi 20, uzito zaidi ya kilo 8, na mkono wa kubebea juu yake kama sanduku. Tulikuwa tumerudi kwa Osborne.

Sasa rudi nyumbani, mwaka huohuo wa 2003. Ndio mwaka toleo la kwanza la Kwani? lilipotoka Nairobi. Mwaka mmoja kabla, Binyavanga Wainaina alikuwa ameshinda tuzo ya Caine kwa andiko lililochapishwa kwenye jarida la mtandaoni. Kizazi hicho cha waandishi kilijua nguvu ya intaneti mapema. Lakini kwa wengi wetu kioo kilikuwa cha mtu mwingine. Saiba ya kwanza niliyoingia mimi, pale Machakos mjini, ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Ulikuwa unaandika huku saa inahesabu pembeni. Ukikaa kuwaza dakika tano, umelipa bob tano kwa kuwaza. Nadhani ndiyo maana hadi leo ninaandika haraka na kusahihisha baadaye.

Na kabla ya saiba, kompyuta huku kwetu zilikuwa za serikali na makampuni. Majirani zetu Tanzania mwaka wa 1974 walipiga marufuku kabisa kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikakaa miaka. Kwetu haikupigwa marufuku kwa mwananchi wa kawaida. Bei ilitosha kumzuia.

Mambo yalifunguka kati ya 2009 na 2013. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi, ikipitia baharini hadi Mombasa, na intaneti ikaacha kutambaa. Mwaka wa 2010 Just a Band wakatoa video ya "Ha-He", na Makmende akawa gumzo la nchi nzima kabla hata hatujajua kitu kama hicho kinaitwaje. Vijana waliona kwamba video ya kutingisha nchi inaweza kutengenezwa na watu wachache wanaojua wanachofanya. Halafu uchaguzi wa 2013 ukaja na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Unakumbuka? Baada ya miaka ya vuta nikuvute, kilichofika shuleni kilikuwa vishikwambi. Kioo kilipungua njiani.

Kusema kweli, kioo kilikuwa kikipungua dunia nzima. Hapa naomba uchukue rula. Laptopu za zamani zilikuwa na umbo la runinga za zamani, upana nne kwa urefu tatu. Kisha kuanzia mwaka wa 2008 hivi, nyingi zikahamia umbo la runinga za kisasa, 16 kwa 9, kwa sababu viwanda vya vioo vilikuwa tayari vinakata umbo hilo na ilikuwa nafuu kulifuata. Matangazo yakasema vioo vimekua. Piga hesabu. Kioo cha inchi 15 cha umbo la zamani kina urefu wa sentimita karibu 23 kwenda juu. Kile "kikubwa" cha inchi 15.6 cha umbo jipya kina sentimita 19 na nusu. Ukipima eneo lote, cha zamani ni inchi mraba 108, kipya ni 104. Namba ya kona hadi kona imepanda, kioo kimepungua. Kwa anayetazama filamu hakuna shida. Kwa anayeandika, zile sentimita tatu na nusu ni mistari kadhaa ya aya iliyojificha chini.

Ndiyo maana namba za kona hadi kona hazitoshi. Inchi 14, ambayo ndiyo saizi utakayopewa ukiuliza laptopu ya ofisi pale mjini, ni kama inchi mraba 84. Inchi 17.3 ni karibu 128. Tofauti kwa kutamka ni inchi tatu na kidogo. Tofauti kwa kazi ni nusu nzima ya juu.

Juni 2012 Apple iliua ile ya inchi 17. Siku hiyohiyo ilitoa ya inchi 15 yenye nukta milioni 5 na zaidi, mara mbili ya zile za ndugu yake mkubwa aliyezikwa. Hoja ilikuwa kwamba nukta zikiwa nyingi, kioo si lazima kiwe kikubwa. Ni kweli kwa mwenye macho mazuri na kioo kingine cha kuchomeka mezani. Miaka saba baadaye, 2019, walirudi na inchi 16, kimyakimya kama mtu aliyetoka kwenye mabishano akijua alishindwa nusu.

Waliobaki na inchi 17 walikuwa watengenezaji wa mashine za kazi nzito za wahandisi na wachoraji wa majengo. HP walikuja na ZBook 17 mwaka wa 2013, Dell walikuwa na Precision. Hizo zilinunuliwa kwa wingi na makampuni ya Ulaya na Marekani, zikawekwa mezani, zikachomekwa ukutani, na nyingine hazikuondoka hapo. Baada ya miaka mitatu minne kampuni inabadilisha mashine zote kwa mpigo. Zile kuukuu zinakusanywa, zinafutwa, zinapakiwa kwenye kontena, na sisi tunakutana nazo katikati ya jiji kwa jina la ex-UK.

Mama yangu alilielewa hilo kabla yangu. Anauza mitumba Machakos, na belo huzifuata Gikomba alfajiri. Nilipomweleza ex-UK ni nini, alicheka. "Kwa hivyo hata mashine wanavaa kwanza ndio watuletee?" Ndiyo, Mama. Na kama kwenye belo, hakuna aliyekuuliza saizi. Hakuna mtu Nairobi aliyeagiza inchi 17 kutoka kiwandani kwa ajili yetu. Zilikuja zimechanganyika na nyingine, na atakayeijua kamera ndiye ataitoa.

Hapo ndipo ninapoingia, na sehemu hii si ya kujivunia.

Mwaka wa 2019 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mama alichukua mkopo wa chama, elfu 45, akanitumia kwa ajili ya karo. Nilikuwa na deni la muhula uliopita, kwa hivyo pesa hizo hazingetosha kumaliza, zingenisukuma tu hadi mtihani. Wakati huohuo nilikuwa nimepata kazi ya kupanga kurasa za kitabu na nyingine ya kuhariri video za harusi, na kazi zote mbili nilikuwa nazifanya kwa laptopu ya kuazima ya inchi 14 usiku mwenyewe akiwa amelala. Nilipita dukani "kuangalia tu". Muuzaji alinifungulia mashine moja ya inchi 17.3. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha kampuni fulani ya Uingereza, nusu kimekwaruzwa.

"Boss, hii ni ya wale wanachora madaraja," aliniambia. "Thao 48 unabeba."

Niliongeza elfu tatu zangu nikabeba. Mtihani sikufanya. Mama nilimwambia baada ya miezi miwili, kwa simu, kwa sababu sikuwa na uso wa kwenda. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Na hiyo kitu, baba, itakulisha?"

Imenilisha. Si kila mwezi, na kuna miezi nimesota hadi nikapigia mnunuzi simu nikakata kabla hajashika. Lakini imelipa keja, imelipa mkopo wa chama wote pamoja na riba, na imenifundisha kazi ambayo sikuwa nasomea. Sisemi nilifanya vizuri. Wapo niliosoma nao waliomaliza wakavaa kofia, na wapo waliomaliza wakarudi kukaa nyumbani. Digrii yangu ingekuwa wapi kati ya hizo, sijui. Ninachojua ni kwamba pesa haikuwa yangu, na aliyeitafuta aliamka saa tisa usiku.

Nimeishi na mashine hii kwa namna ambayo waliotengeneza hawakuifikiria. Wao waliita mbadala wa kompyuta ya mezani. Mimi sina meza. Inakaa juu ya kreti ya soda iliyofunikwa kwa leso, mimi nimekaa kitandani, na hapo ndipo ofisi, studio na sinema. Stima ikipotea, betri yake hainifikishi saa mbili. Inakula tokeni kuliko taa na redio. Kwenye matatu siifungui kamwe, na begi lake nimelishonea kiraka ili lifanane na la nguo, maana kitu kikubwa hivyo kinaonekana na wasiofaa. Kwa miaka sita haijawahi kupanda ndege.

Mwezi uliopita dada yangu mdogo alipata nafasi chuoni kusomea usanifu wa majengo. Barua ina orodha ya vitu, na kati yake ni kompyuta yenye uwezo wa kuendesha programu za kuchora. Mama alinipigia. Hakuomba kitu. Alieleza habari za soko, za mvua, za jirani aliyejifungua. Mwishoni kabisa akauliza, "Hiyo mashine yako bado inafanya kazi?"

Nilisema inafanya.

Kwa hivyo nimeisafisha. Nimehamisha faili zangu, nimefungua tumbo lake nikatoa vumbi la Zimmerman la miaka sita, nikapaka dawa mpya ya kupozea. Kibandiko cha Uingereza nimekiacha. Kwangu nimeona ya inchi 14 kwa elfu 19, ex-UK pia. Nimepiga hesabu: inchi mraba 84. Nitarudia kuvuta madirisha huku na kule, na pengine kazi za video nitazikataa kwa muda, nirudi kuandika tu. Andiko hili ndilo la mwisho ninaloandika nikiwa na nafasi ya kuona aya nzima na maelezo yake kwa pamoja.

Jana Dada alikuja kuiona. Aliifungua, akanyamaza, akapitisha mkono juu ya kioo bila kukigusa. Kisha akakaa kitandani akaiweka mapajani.

"Ai, ni nzito," alisema.

Nikamwambia hiyo haipakatwi, nikamvutia kreti. Akauliza kama anaweza kwenda na kreti pia. Nilimwambia aende nayo.